Mwizi Aliyeibiwa Kwanza

Swali: «Nimemaliza kusoma Four Square Jane ya Edgar Wallace, riwaya ya Kiingereza ya mwaka 1929. Nimeifurahia, ila imeniachia dukuduku. Jane ni mwizi, tena mwizi wa kurudia, lakini mwandishi yuko upande wake tangu mwanzo, na hata afisa wa Scotland Yard anayemsaka anaonekana kumheshimu. Wasomaji wa Uingereza wa enzi zile waliwezaje kukubali mwanamke mwizi awe shujaa? London ilikuwa na wanawake kama huyo kweli? Natamani pia kuitafsiri kwa Kiswahili, je, naruhusiwa?» — Msomaji, Tanga

Ndugu msomaji, walikubali kwa sababu Wallace alihakikisha kwamba kitabu kinapofika mwisho, Jane haonekani tena mwizi. Anaonekana mwenye mali aliyekuwa akifuata chake. London ilikuwa na wezi wa kike hodari sana, wengine hodari kuliko Jane, ila hao hawakutungiwa riwaya za kuwashangilia. Walipelekwa kizimbani, wakatoka huko na kifungo na kazi ngumu. Kilichowatenga na Jane kilikuwa nasaba na lafudhi, wala hawakupungukiwa ujanja.

Hayo ndiyo nitakayoeleza. Ambaye hajaisoma riwaya na anapenda kushtukizwa, aache hapa, maana siwezi kulijibu swali hili bila kuitoboa siri ya kitabu.

Tukumbushane kidogo. Jane huiba majumbani mwa matajiri, na kila apitapo huacha kibandiko kilichochapwa miraba minne na herufi J katikati. Kibandiko hicho ni majigambo, lakini kina kazi nyingine ambayo msomaji wa haraka huipita: palipo na kibandiko, yaya na mpishi hawashukiwi. Anayemfuatilia ni Peter Dawes, afisa aliyepanda cheo Scotland Yard akiwa bado kijana. Adui wa kweli wa kitabu si Jane wala Dawes, ni Lord Claythorpe, bwana mkubwa aliye mlezi wa msichana yatima aitwaye Joyce Wilberforce. Urithi wa Joyce umo mikononi mwa Claythorpe, na Claythorpe huyo huyo anataka kuamua nani amwoe. Moyo wa Joyce uko kwa Jamieson Steele, mhandisi aliyechafuliwa jina kwa tuhuma za kughushi. Na Joyce ndiye Jane.

Ukishajua hilo, kirudie kitabu uone jinsi kilivyopangwa. Mwanzoni unafuata mwizi wa ajabu asiye na sura, na hamu yako ni kujua ataingiaje na atatokaje. Baadaye unaanza kuambiwa habari za msichana, mlezi na wosia. Ule wizi wote ulioufurahia unageuka, mbele ya macho yako, kuwa malipo. Aliyeibiwa kwanza ni Joyce. Claythorpe alikuwa akila mali ya yatima chini ya mwavuli wa sheria, naye yatima akajitwalia sheria mkononi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa habari hii. Mirathi inayoliwa na baba mdogo au msimamizi ni kisa ambacho karibu kila ukoo unacho, na sijakutana na mtu anayemwonea huruma msimamizi.

Hapo ndipo sheria yenyewe inapoingia. Uingereza ilikuwa na sheria ya wizi ya mwaka 1916, iliyosema kwamba mwizi ni yule anayechukua kitu bila idhini ya mwenyewe, kwa hila, na bila kudai kwa nia njema kwamba ana haki nacho. Zingatia hicho kipengele cha mwisho. Mtu aliyechukua kitu akiamini kwa dhati kwamba ni haki yake alikuwa na utetezi. Kanuni hiyo hiyo ilisafiri na utawala wa kikoloni, na mpaka leo imo katika kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania, kwa hiyo mawakili wa Tanga wanaifahamu vilevile kama wa London. Wallace alikuwa mwandishi wa habari aliyezoea mahakama na polisi. Sisemi kwamba aliketi na kitabu cha sheria akamtungia Jane utetezi. Nasema aliujua mpaka ambao msomaji wake alikuwa tayari kuuvuka, na mpaka huo ulikaribiana sana na ule wa sheria: chukua, mradi una haki ya kudai.

Tatizo ni kwamba dai la Joyce linamhusu Claythorpe tu. Jane anawaibia na wengine, watu ambao hawajagusa hata peni ya baba yake. Hapa Wallace anahitaji kisingizio cha pili, nacho kinatokana na hali ya nchi wakati ule.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaachia Waingereza makaburi na madeni, na pia kundi la watu waliotoka vitani matajiri kuliko walivyoingia: wauza chakula, wenye meli, wenye viwanda vya nguo za askari na risasi. Chuki dhidi yao haikuwa ya vijiweni tu. Serikali ilianza kuitoza kodi faida ya ziada ya vita mwaka 1915, kwa asilimia 50, na kufikia 1917 kiwango kilikuwa asilimia 80. Mwaka 1919 bunge likapitisha sheria maalumu ya kuwachunguza walanguzi. Vyeo navyo viliuzwa. Biashara hiyo ilipopamba moto chini ya waziri mkuu Lloyd George ilizua kashfa kubwa, hadi mwaka 1925 ikatungwa sheria ya kuizuia. Sasa mweke msomaji huyo, ambaye pengine kaka yake amezikwa Ufaransa, mbele ya hadithi ya msichana anayeingia kwenye jumba la tajiri wa ghafla na kutoka na vito vya mke wake. Unadhani atamtakia nani mema? Na bwana mkubwa mwenye cheo anapogeuka kuwa mla mali ya yatima, msomaji huyo hashangai hata kidogo.

Halafu ziko hospitali. Fedha za Jane huishia huko, na msomaji wa leo anaweza kudhani ni pambo la kumfanya shujaa apendeze. Kumbuka kwamba huduma ya taifa ya afya ya Uingereza ilianza Julai 1948. Kabla ya hapo hospitali nyingi kubwa, zikiwemo za watoto, ziliendeshwa kwa michango. Watu walipitisha mabakuli barabarani, na majina ya wafadhili yaliandikwa ukutani. Tajiri aliyetaka kuheshimiwa alitoa hundi kwa hospitali, na gazeti likamtaja. Jane anachofanya ni kuwalazimisha matajiri watoe ule mchango ambao kwa adabu ya wakati wao walipaswa kuutoa wenyewe. Kwa msomaji wa zama zile huo ulikuwa utani mkali, maana alielewa mara moja kwamba mwizi amemfunza tajiri ustaarabu wa kitajiri.

Kuna jambo hapa ambalo sitalifunika. Tajiri wa kwanza tunayekutana naye kitabuni anaitwa Joe Lewinstein. Jina ni la Kiyahudi, na namna anavyochorwa, mzito, mwenye fedha nyingi na adabu chache, ni mchoro uliozagaa katika riwaya za bei rahisi za Uingereza za wakati huo. Mwandishi alipotaka tajiri wa kuchekwa, jina la Kiyahudi lilikuwa njia ya mkato. Claythorpe anakuja baadaye kuonyesha kwamba Mwingereza mwenye cheo anaweza kuwa mwovu zaidi, hilo ni kweli, ila halifuti mchoro wa kwanza. Ukikitafsiri kitabu utalazimika kuamua utamweka vipi Lewinstein. Mimi ningemwacha kama alivyo, na kulisema jambo hilo katika dibaji.

Wallace hakuwa wa kwanza kumfanya mwizi shujaa. Mwaka 1899 E. W. Hornung alitoa kitabu cha visa vya Raffles, mcheza kriketi wa tabaka la juu ambaye usiku ni mvunja kasiki. Hornung alikuwa shemeji yake Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, na Doyle hakuficha kwamba jambo lile lilimkera. Aliona ni hatari kumfanya mhalifu shujaa. Hornung mwenyewe hakuwa na ujasiri wa kumwacha mtu wake aishi kwa raha: Raffles anaishia kuuawa Afrika Kusini, katika Vita vya Makaburu, akipigania nchi yake. Sisi husema za mwizi arobaini, na Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria waliamini hivyo hivyo kwa maneno yao. Mwizi wa kiume ilibidi alipe, japo kwa kufa kishujaa.

Mwanamke alipoingia kwenye kazi hiyo, deni likalipwa kwa njia nyingine. Wallace huyo huyo alikwisha kumtunga Kate Westhanger, mwaka 1917, msichana mwenye kichwa cha jenerali anayepanga kuiba treni iliyobeba dhahabu. Kate anaishia kupendwa na afisa wa polisi. Mwaka 1924 Roy Vickers, akitumia jina la David Durham, alimtoa Fidelity Dove, aliyevaa kijivu kama mtawa, mwenye sura ya mtu asiyeweza hata kusema uongo, na genge la wanaume waliomwabudu. Fidelity huwaendea wadhulumaji, na akimaliza nao waliodhulumiwa wamerudishiwa chao, naye amepata fungu lake. Kwa maoni yangu Fidelity ndiye mwenye akili zaidi kati ya hawa watatu, na visa vyake vimefumwa vizuri kuliko vya Jane. Lakini angalia kinachorudi kila mara: mwizi wa kike ataokolewa na ndoa, au na dhuluma aliyotendewa yeye au mteja wake. Hakuna aliyeruhusiwa kuiba kwa sababu tu anaiweza kazi na anapenda fedha, jambo ambalo Raffles aliruhusiwa, hata kama mwishoni alilipia.

Basi kwa nini mwanamke kabisa? Jibu la haraka ni kwamba wasomaji wanawake walikuwa wengi. Wenye umri wa kuanzia miaka 30, kwa masharti fulani, walipata kura mwaka 1918, na kufikia 1928 wakalingana na wanaume. Maduka na ofisi zilikuwa zimejaa wasichana wenye mshahara wao wenyewe na safari ya treni asubuhi na jioni ya kusomea kitabu. Lakini iko sababu ya kifundi ambayo mtunzi wa visa vya siri hawezi kuipuuza. Polisi walikuwa wanaume, na walifikiri kiume. Doria za wanawake katika polisi wa London zilianza mwaka 1919, na wanawake hao hawakuwa na mamlaka ya kukamata hadi 1923. Lilian Wyles, mmoja wa wale wa mwanzo, aliingia idara ya upelelezi mwaka 1922, na kazi aliyopewa hasa ilikuwa kuandika maelezo ya wanawake na watoto. Kwa hiyo mwizi wa kike aliyeshukiwa kwenye karamu alikuwa na ngao ambayo Raffles hakuwa nayo: hakuna afisa ambaye angethubutu kumpapasa bibi aliyevaa gauni la jioni. Upande mwingine wa jumba, mwanamke aliyevaa aproni ya kazi hakutazamwa usoni kabisa. Adabu ilimlinda juu, dharau ikamlinda chini, na mtunzi alikuwa na milango miwili ya kumtorosha.

Na mbinu zenyewe? Ile ninayoipenda kuliko zote ni ya mchoro wa Romney ulioibiwa. George Romney alikuwa mchoraji wa picha za watu wa karne ya 18, na enzi za Wallace picha zake ziligombaniwa na mabepari wa Marekani. Turubai linakatwa kutoka kwenye fremu, watu wanapekuliwa, nyumba inageuzwa juu chini, wala hakuna aliyetoka na kitu. Na hakika hakuna aliyetoka na kitu, kwa sababu picha imo humo humo chumbani, imebanwa kwenye pazia la dirisha lile la kukunja kwa rola, na pazia limevutwa juu. Jane ameondoka mikono mitupu. Fundi aliyemtunga Jane anaonekana hapo vizuri kuliko kwenye habari za wosia. Msomaji aliyelelewa na visa vya Bwana Msa atacheka pale, maana ni siri ya aina ile ile ambayo ukishaambiwa unataka kujipiga kofi.

Nisimpambe Wallace kupita kiasi, lakini. Alikuwa akitunga kwa kuongea: alisema riwaya kwenye mashine ya kurekodi, na katibu wake, Robert Curtis, akaipiga taipu. Alitoa riwaya zaidi ya 170, na kasi hiyo inaonekana. Jane wa sura za mwanzo, kiongozi wa genge asiyejulikana, na Joyce wa sura za mwisho, bibi harusi mwenye majonzi, hawakai vizuri ndani ya ngozi moja. Kitabu kimeunganishwa kutoka kwenye visa, na mishono ya kuunganisha unaigusa. Nikilazimika kuchagua, napenda nusu ya kwanza, kabla Jane hajapata sababu ya kuiba.

Sasa turudi mitaani, kwenye swali lako la wanawake wa kweli. Wakati Wallace anavuma, upande wa kusini wa mto Thames, kwenye mitaa ya Elephant and Castle, kulikuwa na kundi la wanawake lililoitwa Forty Elephants, yaani Tembo Arobaini. (Hiyo arobaini ya kwao na ile ya methali yetu zimekutana kwa bahati tu.) Kundi hilo lilikuwa limejulikana kwa polisi tangu karne ya 19, na miaka ya 1890 kiongozi wake alikuwa Mary Carr. Baada ya Vita vya Kwanza likawa chini ya Alice Diamond, mzaliwa wa mwaka 1896, mwanamke mrefu aliyevaa pete za almasi vidoleni kiasi kwamba ngumi yake ilikuwa silaha.

Kazi yao ilikuwa kuiba madukani, nao waliifanya kwa mpango. Maduka makubwa ya West End, katikati ya London, yalikuwa yamebadilisha namna ya kuuza. Selfridges, lililofunguliwa Oxford Street mwaka 1909, liliweka bidhaa wazi mezani, mteja azishike na kuzipapasa, badala ya kumsubiri muuzaji nyuma ya kaunta. Wafanyabiashara waliona hapo njia ya kumshawishi mteja, na wanawake wa Elephant and Castle waliona mlango. Walivaa makoti na sketi zilizoshonewa mifuko ya siri ndani, wakaingia kwa makundi, mmoja akazua vurugu au akamshughulisha muuzaji kwa maswali, wengine wakameza hariri na manyoya ndani ya nguo zao. Walivamia maduka kadhaa kwa wakati mmoja, ili walinzi wachanganyikiwe. West End ilipowazoea sura, walipanda treni kwenda miji mingine. Mali iliondoka mikononi mwao upesi kwenda kwa wanunuzi wa vitu vya wizi, na wao wakavaa vya kununua kwa fedha, si vile vya kuiba, maana kuvaa ulichoiba ni kujichongea.

Walianguka kwa ugomvi wa ndani. Desemba 1925 Alice na wenzake waliivamia nyumba ya familia moja Lambeth, huko huko kusini mwa mto, kwa mawe na chupa. Chanzo kama kinavyosimuliwa ni kwamba msichana mmoja wa kundi alikwenda na mwanamume ambaye kundi halikumridhia. Mwaka 1926 Alice alihukumiwa miezi 18 na kazi ngumu, na msaidizi wake Maggie Hughes miezi 21. Riwayani, Claythorpe anayetaka kuamua Joyce aolewe na nani ndiye shetani. Mitaani, aliyeshika nafasi hiyo ya Claythorpe alikuwa malkia wa wezi mwenyewe. Wallace angeweza kuandika riwaya nzuri mno kutoka kwenye kesi ile, ila ingekuwa chungu, na sidhani kama ingeuzika.

Alikuwepo pia Lilian Goldstein, aliyeendesha magari ya kutorokea katika uvunjaji wa vioo vya maduka ya vito miaka ya 1920, mshirika wa mwizi maarufu Ruby Sparks. Magazeti yalimpenda kwa nywele zake fupi na usukani. Huyo ndiye wa kweli aliyekaribia kuwa shujaa wa riwaya, na inasema mengi kwamba magazeti yalihangaika na mtindo wa nywele zake kuliko na kazi yake.

Kisha kuna kisa ambacho ningekiweka mbele ya vyote hivi nikiulizwa Jane anatoka wapi. Mwaka 1896 mke wa mfanyabiashara wa San Francisco, Ella Castle, alikamatwa London pamoja na mumewe. Masanduku yao hotelini yalikutwa na manyoya ya bei ghali na vitu vingine chungu nzima vilivyotoka madukani, vingine vikiwa bado na vibandiko vya bei. Mumewe hakupatikana na hatia, yeye alikiri. Madaktari walieleza kwamba ana ugonjwa unaomsukuma kuiba. Alipewa miezi mitatu, na baada ya siku chache Waziri wa Mambo ya Ndani akamwachilia kwa sababu za afya, akarudi kwao. Ugonjwa huo madaktari waliuona sana kwa wanawake wenye waume matajiri. Katika mitaa ya Lambeth hawakuuona.

Kwa hiyo hadhira ya Wallace ilikuwa imezoea tangu zamani kwamba bibi wa heshima akiiba lazima ipo sababu, na sababu hiyo itafutwe. Mwanzoni sababu ilikuwa maradhi. Wallace akaifanya kuwa dhuluma, na kwa kweli hilo lilikuwa jambo la heshima zaidi: Joyce si mgonjwa, ana akili timamu kuliko wanaume wote waliomzunguka, na anajua anachokifanya. Lakini Alice Diamond hakutafutiwa sababu ya aina yoyote, na Wallace hakwenda kumtafutia.

Hilo ndilo linalonishangaza kwa mwandishi huyu. Wallace hakuzaliwa kwa akina Claythorpe. Alizaliwa Greenwich mwaka 1875, mtoto wa nje ya ndoa wa mwigizaji wa jukwaani, akalelewa na familia ya mchukuzi wa samaki wa soko la Billingsgate. Aliacha shule akiwa na miaka 12 na kuuza magazeti Ludgate Circus. Watu wa Elephant and Castle walikuwa watu wake, lafudhi yao ilikuwa yake ya utotoni. Alipotunga mwizi wa kike wa kumpenda, akachagua mwenye urithi. Nadhani aliijua biashara. Four Square Jane ilitolewa na Readers Library, kampuni iliyouza vitabu kwa peni 6 katika maduka ya Woolworth, na msichana wa kaunta aliyetoa peni zake hakutaka kusoma habari za jirani yake aliyefungwa. Alitaka gauni la jioni, jumba, na Lord wa kudhalilisha.

Usidhani, hata hivyo, kwamba Wallace alikuwa mtetezi wa wanyonge wote. Alipelekwa Kongo mwaka 1907 kuandika habari za ukatili wa utawala wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na alichovuna huko kwa muda mrefu ni visa vya Sanders, afisa wa kikoloni anayewatawala Waafrika kwa kiboko na kejeli. Visa hivyo vilifanywa filamu mwaka 1935, na mmoja wa waliovishwa mavazi ya uchifu wa kubuni alikuwa mwanafunzi wa Kikenya aliyekuwa London, Jomo Kenyatta. Mkono uliompa Joyce haki ya kudai chake ndio uliowaandika Waafrika kama watu wasiokuwa na cha kudai.

Kuhusu tafsiri, uko huru. Wallace alifariki Februari 1932 Beverly Hills, alikokuwa akifanya kazi kwenye mradi wa filamu ya King Kong. Kenya na Tanzania hulinda haki ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo huku kwetu ulinzi uliisha zamani. Uingereza huhesabu miaka 70, nayo iliisha mwishoni mwa 2002. Marekani huhesabu tangu mwaka wa kuchapishwa kwa vitabu vya umri huo, na cha 1929 kilikuwa huru kuanzia 1 Januari 2025. Tafsiri utakayoifanya itakuwa na haki zako mwenyewe, kwa hiyo iandikishe. Jihadhari na jambo moja tu: fanyia kazi maandishi ya kitabu chenyewe. Filamu iliyotengenezwa kutokana nacho mwaka 1961, pamoja na dibaji na maelezo yaliyoongezwa na wachapishaji wa sasa, vina wenyewe, usivichote.